Simu Juu ya Kiti cha Mjomba

Habari ya kifo cha Marie-Thérèse ilimfika Mzee Chileshe kabla hata maji ya kumwosha marehemu hayajapata moto. Kwa mtu wa umri wake hilo lilikuwa ajabu. Baba yake alipokufa kule Kilwa yao ya ziwani, mbali kaskazini mwa Lubumbashi, habari ililetwa na dereva wa lori la samaki siku ya kumi na saba, na dereva mwenyewe alikuwa amesahau jina la marehemu. Mama yake alipokufa, siku tisa. Safari hii alikuwa amekaa mlangoni kwake Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kiatu cha mtu magotini, gundi ingali mbichi, simu ikaita kwa picha, akamwona dada yake amelazwa mkekani na kidevu kimefungwa kitambaa. Aliona mikono ya wanawake ikipitisha beseni. Aliona inzi amekaa juu ya kile kitambaa. Alinyoosha kidole amfukuze, akakigusa kioo.

Mnara wa 5G ulikuwa umesimamishwa Katuba mwaka uliotangulia, nyuma ya soko. Watu waligawanyika. Mchungaji mmoja alihubiri kwamba chuma kile kitachoma ubongo wa watoto. Mama Madeleine, muuza samaki, alimjibu mbele ya waumini wake: "Kichwa yangu ilishaungua zamani na jua ya soko, Pasta. Banipatie tu réseau." Na réseau, yaani mtandao, akaipata. Tangu hapo alichagua samaki wake wangali wamelala kwenye kapu huko ziwani, anaangalia macho ya kila mmoja kwenye simu, anakataa waliolegea. Guelor, kitinda mimba wa Mzee Chileshe, alipata kazi katika duka la simu mjini na akaacha kulala mpaka saa tano. Na Kilwa, alikobaki Marie-Thérèse, kwa kuwa mgodi wa jirani ulitaka mtandao wa namna hiyo kwa mashine zake, mji nao ukaokota makombo ya mgodi.

Mzee Chileshe mwenyewe aliokota dada. Walikuwa miaka kumi na mmoja hawajaonana. Kila Jumapili baada ya misa waliangaliana, wakachekana meno yaliyotoka. Mguu wa Marie-Thérèse ulipovimba, daktari mmoja wa Lubumbashi aliutazama kwenye simu ya Guelor, akamwambia abonyeze hapa, abonyeze pale, akaandika dawa. Mwanamke akasimama tena, akatembea miezi minne zaidi. Mwenye haki yake apewe: miezi minne ile ilitoka kwenye mnara.

Jumapili ya mwisho dada hakucheka. Alisogeza uso karibu mpaka ukajaa kioo.

"Yaya, huyu Mapalo usimwache hapa."

Mapalo alikuwa mjukuu wake wa kike, mtoto wa binti yake Daniella aliyefariki. Miaka kumi na mitatu.

"Amekosa nini?" akauliza kaka, Yaya wake tangu utotoni.

"Hajakosa. Hénoc anataka kumutia ku kazi yake ya kukausha samaki. Anasema masomo ya mwanamuke inaisha pale anayua kuhesabu makapu. Mutoto iko na akili, Yaya. Umukamate, umutie ku masomo kule kwenu."

"Na bwana yako anasema nini?"

"Ngosa? Ngosa anafwata tu huyu Hénoc mudogo yake. Hénoc akikohoa, yeye anatema mate. Weye ndiyo mujomba. Utasema pale mbele ya sanduku, bote basikie."

"Usitaje sanduku, ungali muzima!"

"Ninasema sababu ningali muzima. Maiti haina kinywa, Yaya."

Katika ukoo wao mambo yalikuwa hivi. Sanduku halitoki uani kabla mjomba, kaka wa marehemu, hajasema maneno matatu. La kwanza: huyu alikuwa nani. La pili: amekufaje, na kama yuko mwenye lawama. La tatu: ameacha nini, mikononi mwa nani. Kabla ya kila neno kiganja kinapiga sanduku. Neno lililosemwa hapo hakuna wa kulipindua, awe mume, awe chifu. Sanduku likivuka lango, maneno yamefungwa, na anayekuja kudai baadaye huitwa mla makaburi.

Kwa hiyo alipomwona inzi yule, Mzee Chileshe alilia kidogo, akajifuta, akaulizia lori. Lilikuwepo moja la kuondoka adhuhuri. Alikuwa ametia shati na blanketi katika mfuko wakati Hénoc alipopiga. Hénoc alikuwa na sauti nzuri ya mtu aliyezoea kusoma matangazo kanisani.

"Shemeki, pole sana. Tunazika kesho saa ine."

"Mungoje mie."

"Tungoje na nini? Hapa hakuna friji ya maiti, na joto ya ziwa unaiyua. Lori ya juzi ingali inalala mu matope ku Kasomeno. Utafika siku gani?"

Mzee alitazama mawingu. Ilikuwa Februari, na mvua ilikuwa haijakata tangu Jumatatu.

"Tutakuwekea kiti yako, mujomba. Simu juu ya kiti, na sauti tunaitia mu baffle, ile spika kubwa ya kanisa. Utaona bote, na bote batakuona. Hii si réseau ya zamani ya alo, alo, unanisikia."

"Na sanduku nitapiga na nini?"

Hénoc alicheka kwa upole. "Mapalo atapiga ku fasi yako."

Mama Madeleine, aliyekuwa amekuja kutoa pole, alisikia yote. Alisubiri simu ikatwe.

"Papa Chileshe, enda."

"Lakini weye mwenyewe unafanya kazi yako yote ku simu."

"Ninachagua samaki ku simu. Sichague bantu. Mutu ya kilio anaikala chini, bamwone na matako yake ku mukeka. Enda, hata ukifika siku ya tatu."

Guelor alikuwa amekuja mbio kutoka mjini. Alimpenda baba yake na aliipenda kazi yake, na siku ile vitu hivyo viwili vilisema kwa mdomo mmoja. "Papa, sikiliza. Toka Kasenga mpaka karibu na Kilwa hakuna réseau hata moja. Ukikwama mule, hautakuwa ku kilio na hautakuwa ku simu. Batazika, na neno yako itabaki mu matope pamoya na weye. Hapa, utasema. Ni wazi, Papa, itakuwa wazi kupita hata macho."

Hilo ndilo lililomshinda. Alifikiria dakika nyingi, mkono juu ya mfuko. Kisha akatoa blanketi, akalitandika tena kitandani. Lori la adhuhuri likaondoka, akalisikia.

Asubuhi Guelor alileta kioo kikubwa alichoazima dukani, akakiegemeza kwenye kabati. Majirani wakajaa, wanawake wakakaa mkekani, wanaume ukutani. Mzee Chileshe alivaa koti. Saa nne picha ikafunguka, na watu wa Katuba wakasema "Aaah!" kwa pamoja, kisha wakaona aibu, kwa sababu huo haukuwa mguno wa msibani.

Ua wa Kilwa ulikuwa mbele yao kana kwamba ukuta umetobolewa. Kiti cha mjomba kilikuwa kwenye kichwa cha sanduku, kimevishwa kitenge, na juu yake simu. Wanawake walikuja mmoja mmoja, wakapiga magoti mbele ya kiti, wakapiga makofi ya heshima. "Mwapoleni, mujomba." Bibi mmoja aliyeona haya hakujua atazame wapi, akaisalimia miguu ya kiti. Mzee Chileshe akamwitikia kila mtu. Aliona tope kwenye viatu vya Ngosa. Aliona Ngosa amenyolewa vibaya, ameacha nywele nyuma ya sikio, kama mtu asiye na wa kumtazama tena. Karibu na kiti alikuwa amesimama Mapalo, kichwa chini. Kwenye kifundo cha mkono wake palikuwa na magamba matatu ya samaki, yameganda, yanang'aa.

Siku ya kilio cha bibi yake, wamemtia kwenye samaki. Mzee akayaona magamba yale, akayahesabu, akasema moyoni: neno la tatu litawaka leo.

Mapalo akapiga sanduku.

"Huyu ni Marie-Thérèse," Mzee Chileshe akaanza, na sauti yake akaisikia ikitoka kwenye baffle kule, nzito kuliko alivyoizoea, "binti ya Chishimba, mama ya Daniella. Alimenya mihogo ya bantu bengi ambao hapa banajifanya kusahau. Hakuna mutu alitoka kwake na njaa."

"Ndiyo," ua ukaitika. Wanawake wakapiga kelele za kilio. Ilikwenda vizuri. Ilikwenda vizuri kupita vilio vingi alivyohudhuria kwa miguu.

Mapalo akapiga mara ya pili.

"Amekufa na ugonjwa ya moyo na ya muguu. Munganga ya Lubumbashi aliiona. Ninasema mimi mujomba: hakuna mutu alimukula na bulozi. Mutu asionyeshe mutu kidole."

Hapo aliona mabega ya watu yakishuka. Ngosa alifunga macho. Hénoc, nyuma ya kaka yake, alivuta pumzi ndefu. Neno lile la pili ndilo waliloliogopa siku zote mbili, maana mwanamke akifia kwa mume, watu wa mume hulala macho wazi mpaka mjomba awatakase. Mjomba alikuwa amewatakasa. Hawakuwa na haja naye tena, lakini yeye hilo hakulijua.

"Neno ya tatu," akasema. "Mapalo, piga."

Mtoto aliinua uso, akamtazama mtu aliyesimama nje ya picha. Mkono wa mtu ukapita kwenye ukingo wa kioo, karibu mno, wote ukungu, kisha ukaondoka. Kipigo cha tatu hakikusikika. Mzee alidhani amekisikia.

Akasema. Akasema kama hajawahi kusema maishani. Alisema Mapalo si wa Ngosa wala wa Hénoc, ni wa tumbo la Marie-Thérèse. Kwamba marehemu, macho yake wazi, alimkabidhi mtoto huyu kwa kaka yake akasome Lubumbashi. Kwamba mwenye kumtia mtoto yatima kwenye samaki siku ya kilio anyooshe mkono tuone magamba yapo kwa nani. Huko Katuba wanaume walikohoa kwa uchungu. Mama Madeleine alilia kwa sauti. Mzee Chileshe akafika mwisho, akangoja "ndiyo" ya ua.

Ua ulikuwa unazungumza mambo mengine. Bibi mmoja alikuwa anafunga mtoto mgongoni. Vijana wanne walikuwa wanakunja mikono ya mashati, wanaelekea kwenye sanduku.

"Papa," Guelor akasema polepole. "Habakusikii."

"Ginsi habanisikii? Si ninabaona!"

"Sauti iko chini kule. Bameishusha."

"Paza!"

"Haipazwi toka huku, Papa. Inapazwa kule."

Guelor akachukua simu yake nyingine akampigia Hénoc. Na kwa kuwa mtandao ulikuwa mzuri, wote waliona. Waliona Hénoc, sasa amerudi ndani ya picha, akishtuka kidogo, akitia mkono katika koti, akiitoa simu, akiitazama inavyoita. Waliona jina la Guelor likiwaka kiganjani mwake, herufi zinasomeka. Waliona akiirudisha mfukoni na kuupigapiga mfuko mara mbili, kama mtu anayemtuliza mbwa.

Mzee Chileshe alianguka mbele ya kioo kwa magoti. Alipiga kelele jina la Ngosa, jina la Mapalo. Kila akipiga kelele kichwa kilimwendea mbele na kurudi, mbele na kurudi. Kule watu waliokitazama kiti walimwona mzee anainamisha kichwa, wakainamisha na vyao kwa heshima. Sanduku likainuliwa. Likapita mbele ya kiti. Likavuka lango. Picha haikukatika hata mara moja, wala haikutetemeka.

Mvua ilipopungua, siku ya sita, alipanda lori. Guelor alitaka kumsindikiza, akamkataza kwa mkono tu. Alisafiri siku tatu juu ya mifuko ya unga, akashuka mara nne kusukuma pamoja na vijana, akafika Kilwa na tope kwenye ndevu.

Walimpokea vizuri. Hapo hawakumnyima kitu. Walimpa bukari, ndiyo ugali wao, na samaki, wakampeleka kaburini, wakamwacha alie. Kisha akawaita wazee watatu wa mtaa, akakaa mkekani, akadai mtoto.

"Shemeki," Hénoc akasema kwa huzuni ya kweli kabisa, "haya mambo tulimaliza mbele ya sanduku."

"Haikuisha. Neno ya tatu mulinikata!"

Hénoc akatoa simu. Walikuwa wameyachukua yote kwa video, mtu wa kanisa alikuwa amesimama na simu nyingine tangu mwanzo. Akawaonyesha wazee. Neno la kwanza, sauti kubwa. Neno la pili, sauti kubwa. Kisha mzee mmoja mdogo juu ya kiti cha kitenge, anafungua na kufunga kinywa kama samaki wa nchi kavu, na nyuma yake sauti za ua tu, watoto, kuku. Kisha mzee yule anainamisha kichwa. Anainamisha tena. Anainamisha tena.

"Si huyu weye? Kichwa si inakubali? Bantu mia moja baliona."

"Nilikuwa ninalia!"

"Kulia na kukubali, ku kilio, si ni ndugu?"

Mzee Kapya, mkubwa wa wale watatu, hakuwa mtu wa Hénoc. Alikuwa na jina la haki. Aliirudisha ile picha mara mbili kwa kidole chake kigumu, akaitazama, akampa Hénoc simu yake bila kumwangalia.

"Mujomba, mie nilikuwa pale. Niliikala karibu sawa vile weye na mie sasa. Neno ya tatu sikuisikia."

"Sababu balikata sauti, Papa Kapya."

"Nani alikata?"

Mzee Chileshe akafungua kinywa. Alikuwa ameona kila kitu, inzi, magamba, herufi za jina la mwanawe, lakini mkono ule ulipita karibu mno na kioo. "Sikumwona," akasema.

"Unaona." Mzee Kapya alikuna goti. "Ungekuwa hapa weye mwenyewe, kukukata sauti ni kukushika kinywa. Na mutu akikushika kinywa mbele yetu, mikono yake tungeiona. Tungemuvunja hii mikono. Lakini ulituma simu, na simu haina kinywa ya kushikwa. Sanduku ilitoka. Maneno inafungwa. Mie siwezi kuifungua, nikiifungua kwako nitaifungua kwa bote."

Wale wawili wengine wakasema ndiyo. Ngosa alisema ataacha mtoto aende kusalimia Lubumbashi siku moja, Mungu akipenda. Hénoc akasema ndiyo, siku moja.

Lori la kurudi lilikuwa linapakia asubuhi ya pili. Mapalo alikuja kumsindikiza, amebeba kapu la samaki wakavu la kumpa, mikono imechanjwa na chumvi. Walisimama pembeni ya gurudumu. Alikuwa na macho ya bibi yake, yanayouliza kabla ya mdomo.

"Nkambo, babu yangu, usinikasirikie."

"Kwa nini nikukasirikie?"

"Siku ile. Baffle ilianza kupiga miluzi. Papa Hénoc akaniambia, shusha sauti kidogo, bonyeza hapo pembeni. Nikabonyeza. Akasema, tena. Nikabonyeza tena. Nikasahau hata kupiga sanduku." Alilihamisha kapu mkono huu na ule. "Nilikuona unasema sana. Tangu siku ile ninawaza. Ulisema nini, Nkambo, mu neno ya tatu?"

Vijana wa lori walikuwa wanafunga turubai, wanatukanana kwa furaha. Mzee Chileshe aliitazama mikono ile. Aliyaona maneno yote yako tayari kinywani, mazuri kama siku ile, hakuna hata moja lililopotea. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa na miaka mingi ya kukausha samaki mbele yake, na mawazo mengi ya kuwaza akiwa anawakausha.

"Nilikuwa ninasema aksanti kwa bamama bale balipika," akasema.

"Ile tu?"

"Ile tu. Na kusalimia bazee."

Mapalo alivuta pumzi, akacheka mara ya kwanza tangu mjomba afike. "Kumbe! Mie nilifikiri niliharibu kitu."

"Haukuharibu kitu, mama."

Dereva akapiga honi. Vijana walimvuta Mzee Chileshe juu ya mizigo, mmoja mkono huu, mwingine ule, na Mapalo akampandishia kapu. Lori lilipoanza kusogea alitembea nalo kidogo, kiganja juu ya bodi.

"Nitakuita kwa picha kila Siku ya Mungu baada ya misa, Nkambo! Utaniona muzuri!"

Akamjibu kwamba ndiyo, atamwona.